Shoo ya Plastiki na Rangi Inayobanduka
(Mazungumzo na mafundi rangi na madereva, Unga Limited, Arusha)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo? Naona madereva wa utalii mmejaa viti vya mbele. Ndiyo raha ya msimu wa mvua, wageni hawapo na mtu anapata muda wa kukaa.

Nimeambiwa nizungumzie shoo ya gari. Ni ule uso wa mbele wenye matundu ya kupitisha hewa; wengine wanauita grili, sina ugomvi nao. Hii niliyoishika imetoka kwenye Land Cruiser ya safari. Ipitisheni, kila mtu aiguse. Mbele imedonolewa kama kuku wamepita juu yake. Lami ikishaisha pale lango la Ngorongoro, kinachofuata ni changarawe, na gari lililo mbele yako linakurushia mawe mpaka Seronera. Kwa hiyo mawe yapo na yataendelea kuwepo. Leo nataka tujiulize kwa nini jiwe moja dogo likitoboa rangi, baada ya miezi miwili panabanduka mahali pa ukubwa wa kiganja.

Jibu nililipata kwa aibu. Miaka hiyo nikiwa kijana nilipaka shoo ya mteja kwa praima (ile rangi ya chini) ile ile niliyokuwa napaka kwenye boneti. Ilitoka gereji inang'aa, mzee wa watu akafurahi, akalipa yote. Akaenda safari mbili tu. Aliporudi hakusema neno. Aliingiza kucha kwenye ukingo wa tobo, akavuta, ikatoka ngozi nzima kama nyoka anayejivua. Nilirudisha hela. Lakini kile kipande nilikichukua nikakigeuza nyuma, na hapo ndipo nilipojifunza kazi: praima ilikuwa imeshikana na rangi vizuri kabisa. Waliokosana ni praima na plastiki. Kwa hiyo rangi ikikubandukia usiitukane rangi. Geuza kipande, tazama nyuma yake, utajua ni tabaka lipi limemwachia mwenzake.

Sasa, plastiki si moja. Geuza hiyo shoo, wewe kijana wa kofia. Unaona herufi ndogo kati ya vimishale viwili? Soma kwa sauti. ABS. Vizuri. Shoo nyingi ni ABS, na hiyo ni plastiki yenye adabu, inapokea rangi. Bampa nyingi ni PP, wakati mwingine imechanganywa na aina ya mpira, na hiyo PP haipendi kushikwa na kitu chochote. Rangi wala gundi havikai. Ukikuta maandishi yamefutika, kwangua kakipande kutoka upande wa nyuma usioonekana, ukatumbukize kwenye maji yenye tone la sabuni. PP tupu huelea, ABS huzama. Ila PP iliyojazwa unga wa kuimarishia nayo inaweza kuzama, kwa hiyo kikizama usiape. Kikielea, una uhakika: hapo unahitaji ile dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki, koti moja jepesi, yaani mpako mmoja mwembamba, na praima iingie juu yake ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukienda kunywa chai ukasahau, umepoteza koti.

Kuosha. Hapa vijana mnaharakisha sana. Shoo ya gari la safari ina vumbi la volkano, ina mafuta ya wadudu waliogongwa, na mbaya kuliko yote ina yale mafuta ya kung'arishia dashibodi ambayo muosha magari amempakia mteja bure ili apendeze. Yale yana silikoni. Ukipuliza rangi juu yake inakimbia, inaacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Osha kwa sabuni ya vyombo na brashi ya meno kwenye kila kona, suuza, halafu mwaga maji safi juu. Maji yakitandaa kama shuka, endelea. Yakijikusanya matone matone, rudia. Na hii yote kabla ya msasa! Ukianza na msasa unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo, na huko huyatoi tena. Thina kali msiitumie kuoshea ABS, inailainisha na baadaye inapasuka nyufa za nywele. Spiriti inatosha.

Msasa sasa. Penye tobo anza na msasa namba 320 mpaka ukipitisha kidole macho yakiwa yamefumbwa usisikie ngazi kati ya rangi na plastiki. Kisha 600 kila mahali, hata pale panapoonekana pazima. Wenye shoo za kromu nisikilizeni. Kiwandani ile ABS huzamishwa kwanza kwenye asidi, asidi inakula vichembe vya mpira vilivyomo ndani yake, vinabaki vishimo vidogo ambavyo macho hayavioni. Shaba inaota mizizi humo, juu yake nikeli, mwisho kromu. Ndiyo maana inashika. Lakini ikishaanza kuinuka ukingoni, usipake juu yake ukadhani umeifunga. Kwangua mpaka ufike inaposhika kwa nguvu, ndipo usawazishe kwa msasa. Iliyoinuka itaendelea kuinuka, na rangi yako mgongoni.

Jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hupitiwa: ncha. Rangi ikiwa mbichi hukimbia ncha kali, inajivuta kwenda kwenye uso bapa. Kwa hiyo pale jiwe linapogonga kwanza ndipo rangi ilipo nyembamba kuliko kote. Ncha zote zipigwe msasa kidogo zivunjike ukali. Ukipuliza, anza na ncha na kona za ndani, uso wa mbele uwe wa mwisho. Kopo au bunduki ikae sentimita 20 hadi 30, makoti mepesi matatu, ukipumzisha dakika kama kumi kati yake. Koti moja zito ni michirizi tu.

Rangi gani? Ya kopo la kupuliza la kawaida hukauka kwa thina kuruka, basi. Dereva akimwagikiwa na petroli inayeyuka. Ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kugandisha rangi, inaungana yenyewe kwa yenyewe, hairudi nyuma tena, na klia yake, ule mpako angavu wa juu, inavumilia mawe. Kwa gari la safari mimi sipaki nyingine. Ila ile hadina ina sumu inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Bila barakoa yenye hewa yake ya kutoka nje usiiguse. Mpelekee mwenye chumba cha kupakia. Nimeshawaona wenzangu wakikohoa mpaka wakaacha kazi.

Na hewa yetu hii. Juni na Julai asubuhi hapa Arusha kuna ukungu na baridi. Thina ikiruka inapoza uso, unyevu unatua juu ya rangi mbichi, inageuka nyeupe kama imepakwa maziwa. Subiri saa sita mchana, au tumia thina ya polepole. Ndugu zetu wa Moshi, walioko bondeni kwenye joto, wana tatizo la kinyume: rangi inakauka hewani kabla haijatua, uso unakwaruza kama ukoko wa wali. Kuna fundi alitoka huko na thina yake ya joto, ndiyo hiyo ya polepole, nikamcheka. Mwezi wa saba nilikwenda kumwazima. Jiko la mkaa la kukaushia, hapana kabisa. Plastiki inapinda, na mvuke wa thina unashika moto.

Ndiyo mzee, uliza. … Kuosha? Kwa rangi ya hadina, ipe wiki nzima kabla ya sabuni. Mashine ya presha usiielekeze karibu kwenye ncha za shoo, hata ikiwa imetoka kwa fundi bingwa. Na kama gari lako ni la kisasa lenye rada nyuma ya nembo, ile nembo usiipake kitu. Ifunike kwa tepe.

Haya, beseni la maji liko pale. Kila aliyekuja na kipande chake asogee tuone kipi kitaelea.