Wenyeji Kwanza, Idadi Baadaye: Mhadhara Kuhusu Jumuiya za Mtandaoni

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mna tovuti tayari: za walimu wa Kiswahili, za bei za mazao, za vyama vya akiba. Na malalamiko yenu yanafanana. Watu wanafungua, wanasoma, wanaondoka. Kundi la WhatsApp lililoanzishwa pembeni ya tovuti lina watu mia saba, lakini kinachopita humo ni salamu za asubuhi, matangazo ya mikopo na video ambazo kila mtu ameshaziona kwingine. Mnauliza: tufanyeje wachangamke?

Jibu langu ni moja, na muda uliobaki nitautumia kulifafanua. Jumuiya haiwezi kukua haraka kuliko uwezo wa wenyeji wake, yaani wanachama waliokubali kuwahudumia wengine, kuwapokea wageni. Tukilisahau hilo, hata tovuti iwe nzuri namna gani, tunajenga uwanja wa watu wasiojuana.

Somo hili ni la zamani. Usenet, mfumo wa majadiliano ulioanza kazi mwaka 1980, ulitumiwa zaidi na watu wa vyuo vikuu. Kila Septemba wanafunzi wapya waliingia, wakavuruga kidogo, wakongwe wakawaelekeza, na baada ya wiki kadhaa mambo yakatulia. Kuanzia mwaka 1993 makampuni ya kibiashara ya Marekani, AOL likiwa mojawapo, yakaanza kuwafungulia wateja wao mlango huo. Wageni wakawa wanaingia kila siku, mwaka mzima, na wakongwe hawakuweza tena kumwelekeza kila mmoja. Kipindi hicho kikaitwa Septemba isiyoisha. Wale wageni hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Walikuwa wengi mno kwa wenyeji waliokuwapo.

Basi tuanze na wenyeji. Kabla ya kutangaza popote, tafuta watu 20 hadi 30. Usiwatumie kiungo cha kujiunga kwa mkupuo; mpigie simu kila mmoja. Mweleze jumuiya ni ya nani na itafanya nini, kisha mwombe jambo dogo linalopimika: kwa miezi miwili, ajibu swali moja kila wiki. Atakayesita usimlazimishe. Ukipata 12 waliokubali kwa moyo, umepata msingi.

Tuchukue mfano wa tovuti ya wafanyabiashara wa nafaka wanaopita mipaka ya Uganda ya Busia, Mutukula na Elegu. Wenyeji wake wasiwe wanunuzi wakubwa peke yao. Awemo anayekausha mahindi, dereva wa lori, mwenye ghala, wakala wa forodha, na mama anayeuza kwa debe. Kila mmoja anajua asichokijua mwenzake, kwa hiyo wana sababu ya kuulizana. Kundi la watu wanaojua mambo yaleyale hunyamaza upesi.

Maswali ya kuanzia yaandaliwe, ya wiki mbili hivi, na yawe maswali ya kweli ambayo mtu anahitaji jibu lake. Hapa tuangalie kwa karibu. Swali la aina ya “Wapendwa, mnaonaje biashara ya mahindi mwaka huu?” halijibiki. Aliye shambani au barabarani hana pa kuanzia. Linganisha na hili: “Nina magunia 40 ya mahindi, kipimo kinaonyesha unyevu wa asilimia 15. Kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi 13.5. Niyaanike tena kwenye turubai au nipeleke kwenye mashine? Niko Iganga.” Lina kiasi, lina tatizo, lina mahali, na anayejua anaweza kulijibu kwa mstari mmoja akiwa amesimama. Wafundisheni watu kuuliza hivyo kwa kuuliza hivyo wenyewe. Haihitaji tangazo.

Sasa mgeni anapoingia. Mwaka 2006 watafiti Elisabeth Joyce na Robert Kraut walichunguza vikundi vya majadiliano na kuona kwamba mtu aliyejibiwa ujumbe wake wa kwanza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuandika tena. Ndiyo maana nasisitiza zamu. Kila siku awepo mwenyeji mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha swali la mgeni halilali bila jibu. Si lazima yeye ajue jibu, atamtaja anayelijua: “Mzee wa ghala la Tororo, hili ni lako.” Nayo methali yetu imeshatoa utaratibu uliobaki: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baada ya siku chache mwombe mgeni kitu anachokiweza: bei ya leo katika soko lake, picha ya mzani, hali ya foleni mpakani. Aliyeombwa kitu anajua kwamba yupo.

Na wasomaji wanaonyamaza? Msiwagombeze. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayebeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Uwiano hubadilika mahali na mahali, lakini kimya cha wengi ni hali ya kawaida. Msimamizi anayetangaza “wasiochangia tutawaondoa” anafukuza wateja wa tovuti yake mwenyewe.

Kuna kimya kingine, hata hivyo, ambacho hapa Uganda tunakisababisha sisi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini wengi wetu tulikijua kama lugha ya kambi za jeshi, na mtu mzima anayeandika “mimi nataka uza mahindi yangu” ameshapanda mlima kufika hapo. Akisahihishwa sarufi mbele ya watu mia tano, hamtamsikia tena, na wengine hamsini waliokuwa wakijiandaa kuandika watakifuta walichoandika. Wekeni kanuni: hakuna kusahihisha lugha hadharani kama mwenyewe hajaomba. Anayejibu kwa Luganda au Lusoga aachwe ajibu, na mwenyeji mmoja aandike muhtasari kwa Kiswahili chini yake. Nalisema hili kwa walimu wenzangu hasa, kwa sababu sisi ndio wepesi wa kalamu nyekundu.

Kuhusu mahali pa kukutania, msianzishe vyumba kumi. Chumba kimoja kinatosha mpaka mwone maswali yanafunikwa kabla ya kujibiwa. Hapo ndipo mnagawa, na mgawe kwa mada ambayo tayari inazungumzwa sana. Kundi la WhatsApp linachukua hadi watu 1,024, lakini hicho ni kikomo cha chombo, si cha wenyeji wenu. Fikirieni pia mfuko wa mwanachama. Kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii iliondolewa Julai 2021, ikaja asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Facebook nayo ilifungwa nchini Januari 2021, na waliobaki nayo wakaifikia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi. Kwa hiyo tovuti iwe nyepesi, maandishi yatangulie, na picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kupandishwa.

WhatsApp ina udhaifu mmoja mkubwa: jibu zuri la leo keshokutwa limezama. Tovuti ndiyo ghala. Mteueni mtu ambaye kila Jumamosi anachagua majibu matatu au manne yaliyosaidia, anaomba ruhusa ya walioyaandika, anayapanga kwenye tovuti, kisha anarudisha kiungo kundini akiwataja walioyatoa kwa jina walilokubali. Kazi hii huonekana ndogo na ndiyo inayounganisha kundi na tovuti. Bila yeye mna vitu viwili visivyojuana.

Kanuni zisizidi tano, kila moja na mfano wake. Kuzitekeleza ndiko kugumu, kwa sababu WhatsApp haimpi msimamizi njia ya kumnyamazisha mtu mmoja kwa wiki moja. Anaweza kufuta ujumbe, kufunga kundi zima ili waandike wasimamizi tu, au kumwondoa mtu. Basi fuateni ngazi hii: kosa la kwanza, ujumbe unafutwa na mhusika anaandikiwa faraghani, la pili, anaonywa akielezwa kitakachofuata, la tatu, anaondolewa na kupewa tarehe ya kurudi. Yote yaandikwe kwenye daftari la wasimamizi: tarehe, kosa, hatua, aliyeichukua. Bila daftari, msimamizi wa zamu ya usiku atamsamehe yule ambaye wa mchana alimfukuza, na hapo lawama za ukabila huanza.

Ujumbe wa faraghani uwe hivi: “Habari za kazi, dada. Tangazo lako la mbegu tumeliondoa kwa sababu matangazo ni Jumamosi tu. Jumamosi lilete pamoja na bei na mahali ulipo. Swali lako la juzi kuhusu maghala bado tunalifuatilia.” Kosa limetajwa, njia imeonyeshwa, na heshima yake imebaki.

Uvumi ni jambo zito zaidi, kwa sababu una gharama ya fedha. Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mtu aliyesambaza barua ya zuio wiki moja baadaye hakusema uongo, lakini alimfanya mwenzake auze kwa hasara. Kwa hiyo habari ya mpaka, bei au sheria iambatane na mambo matatu: imetolewa na nani, tarehe gani, na imeonekana wapi. Ikikosa moja, msimamizi aandike chini yake “haijathibitishwa” na mwenyeji aliye karibu na mpaka apige simu kuuliza. Jibu likija, liandikwe hata kama ni “bado hatujui”.

Sheria nitazipitia kwa ufupi. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inawahusu mnaokusanya majina na namba: msikusanye msichokihitaji, mwambieni mtu mnakitumia kwa nini, na mjisajili kwa Ofisi ya Kulinda Data Binafsi. Kumbukeni kwamba kundini kila mtu anaona namba ya mwenzake, basi kina mama waelezwe hilo kabla ya kuingia. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2022, isomwe na kila msimamizi pamoja na mwanasheria.

Kupima, achaneni na idadi ya wanachama. Kila mwisho wa mwezi hesabuni vitu vitatu: maswali mangapi yalijibiwa ndani ya saa 24, watu wangapi tofauti walijibu, na wageni wangapi walioandika mara ya kwanza waliandika tena ndani ya siku 30. Cha pili kikipungua huku cha kwanza kikiwa kizuri, maana yake watu wawili watatu wanabeba kila kitu, na watachoka. Ongezeni wenyeji, na mpaka muwapate, simamisheni matangazo ya kualika wageni. Najua inauma kufunga mlango watu wakibisha. Wiki tatu za kusubiri hazijaua jumuiya.

Mwisho, funguo. Jina la tovuti huwa limelipiwa na mtu mmoja, nenosiri liko kwenye simu yake, na laini ya kundi imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akihama, akiugua au akigombana nanyi, kila kitu kinakwenda naye. Wasimamizi wawe watatu au zaidi, wawili wakiwa na nenosiri la tovuti, na tarehe ya kulipia jina iandikwe kwenye daftari lile lile. Na kwa kuwa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kwa siku tano wakati wa uchaguzi, kila mwenyeji awe na namba za wenzake watano kwenye karatasi, wakiwa wameafikiana nani anampigia nani. Jaribuni mpango huo jioni moja wakati mtandao ungalipo, mwone simu inakatikia kwa nani.