Nani Anakula Mafuta Kwenye Matope ya Bahari Baridi?

Ndugu wasikilizaji, mafuta yakimwagika baharini swali la kwanza huwa ni dawa gani inyunyizwe. Mimi nauliza ni bakteria gani walio tayari kule chini, na wamebeba jeni gani.

Mchukueni bakteria aitwaye Oleispira antarctica, aliyepatikana Bahari ya Ross, Antaktika, na kuelezwa kisayansi mwaka 2003. Halijoto anayoipenda ni nyuzi 2 hadi 4 tu, na chakula chake ni alkani, ile minyororo ya kaboni iliyojaa ndani ya mafuta ghafi. Watafiti walihamishia protini zake mbili, zinazosaidia protini nyingine kujikunja vizuri, kwa E. coli, yule wa matumboni mwetu. Naye akaanza kuzaliana kwenye baridi ambayo kwa kawaida humzuia kabisa!

Mlo wenyewe huanza na jeni iitwayo alkB. Hiyo hutoa kimeng'enya kinachopachika oksijeni kwenye ncha ya alkani. Lakini alkB si moja. Bakteria mwingine mla mafuta, Alcanivorax borkumensis, anazo mbili, baadhi ya bakteria wa kundi la Rhodococcus wanazo nne, na hazifanani. Cycloclasticus yeye hushughulikia zile haidrokaboni za pete, zenye sumu zaidi. Isitoshe, jeni za namna hii huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, ndiyo maana orodha ya majina ya spishi hainiridhishi. Hata vipimo vyetu vya jeni vina upofu wake: vimeundwa kwa kufuata jeni tunazozijua, basi zilizo ngeni huvipita.

Kwenye mashapo mambo yanabadilika. Katika matope ya pwani oksijeni huishia milimita chache tu kutoka juu. Chini ya hapo alkB haina kazi. Wanaotawala ni bakteria wanaopumua salfeti badala ya oksijeni, wenye jeni nyingine kabisa ya kula alkani, assA, nao hufanya kazi polepole mno.

Ndiyo maana mtu akiniletea pipa la bakteria wa maabara wa kumwaga kwenye mafuta namkumbusha Alaska. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipopasuka huko mwaka 1989, walaji walikuwa tayari ufukweni. Walichopungukiwa ni naitrojeni na fosforasi, wakamwagiwa mbolea, kazi ikaenda kasi. Mafuta yaliyozama chini ya changarawe, kusikofika oksijeni ya kutosha, yalikuwa bado yapo zaidi ya miaka 20 baadaye.