Nani Atakalia Kiti cha Saa Mbili?

Mhadhara kwa waandishi wa habari na watazamaji, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kalamu na kamera, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mustakabali wa utangazaji mikoani. Ni mada kubwa hiyo, na mwenyekiti atanisamehe nikiipunguza. Tangu wiki iliyopita, ukikaa kijiweni hapa Mwanga, ukishuka mwaloni Kibirizi, ukipanda daladala ya Ujiji, swali ni moja tu: mama yetu anayetusomea taarifa ya habari ya saa mbili kwenye televisheni yetu ya hapa akishaondoka, kitini pake anakaa nani? Jana muuza migebuka kaniuliza hilo kabla hata hajanitajia bei. Basi na mimi nitabaki hapo hapo.

Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hapendi, na humu ukumbini hakuna asiyemjua. Alianza kutusomea habari enzi zile mji unaendeshwa na jenereta, gridi ya taifa bado hadithi. Umeme unakatika katikati ya sentensi, ukirudi unamkuta yuko kwenye michezo. Watu walipigiana simu kuulizana mkuu wa mkoa alimalizia vipi.

Niseme mapema ninachoamini, ili asiyekubaliana nami aanze kunoa maswali. Sauti si tatizo. Sauti nzuri Kigoma zimejaa, nendeni mkasikilize waadhini wa Ujiji. Anachoondoka nacho mama huyu ni kuijua Kigoma, na hicho hakiagizwi kutoka Dar es Salaam kwa basi.

Chukueni Mei 2015. Warundi wanakimbia machafuko kwao, wanaingia Kagunga. Wangapi hapa mmefika Kagunga? Naona mikono michache. Ni kijiji cha mwambao mpakani kabisa, mlima mgongoni, ziwa usoni, barabara ya gari hakuna. Watu makumi ya maelfu wamebanana ufukweni, kipindupindu kimeshaingia. Meli inayowaleta Kigoma ni Liemba yetu ile ile, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini mwaka 1927. Mzee mwenye umri wa karne nzima anabeba wakimbizi! Na kwa kuwa hakuna gati, inasimama majini, watu wanafikishwa kwa mitumbwi.

Kwa mtazamaji wa mbali hiyo ilikuwa habari ya wakimbizi. Kwetu ilikuwa habari ya wajomba. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na nyumba nyingi za mkoa huu zina shemeji ng'ambo. Sasa msomaji amekaa mbele ya kamera, mkononi ana karatasi imeandikwa "wamevamia". Asome hivyo hivyo? Mama yule alikata neno kwa kalamu, akasoma "wamefika". Akaendelea na jambo la kuchemsha maji ya kunywa. Nilikuwa nyuma ya kioo, nimeliona kwa macho yangu, na karatasi ile niliandika mimi. Ndiyo, mimi. Nilikuwa na haraka.

Au chukueni mwaka 2024, ziwa lilipofungwa, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi marufuku ili samaki wazaliane. Ukiwa nje ya mkoa huu, hiyo ni sentensi moja, halafu tunakwenda mapumziko mafupi. Hapa ni miezi mitatu ya maisha ya watu. Mama anayeanika dagaa Katonga anataka kujua mzigo wake wa zamani ataruhusiwa kuuza au atakamatwa. Kijana wa karabai anauliza kama ndoana nayo imo. Mtangazaji asiyejua kwamba wavuvi wetu hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa sababu taa haivuti dagaa, hatajua hata la kumuuliza ofisa uvuvi.

Halafu kuna majina. Nguruka, Buhingu, Heru Juu, Muhambwe, Kalya. Mgeni akiyasoma, mwenye kijiji anazima televisheni. Mnacheka, lakini mtu akikosewa jina la kwao haamini tena hata bei ya mahindi utakayomsomea baadaye.

Waingereza mambo haya wameyaishi muda mrefu, kwa sababu BBC yao jioni hugawanyika, kila kanda ikapata habari zake na watangazaji wake. Kule kaskazini mashariki, Newcastle, alikuwepo Mike Neville. Alikaa kwenye kipindi cha Look North tangu mwaka 1964 hadi 1996, miaka thelathini na miwili. Na alipoondoka hakukimbilia London. Alikwenda kituo shindani cha hapo hapo, Tyne Tees, akaendelea kuwasomea watu wale wale. Yorkshire nako, Harry Gration alipoaga Oktoba 2020, aliyepokea kijiti akawa Amy Garcia, ambaye watazamaji walishamzoea mezani kwa miaka kadhaa. Hakuna aliyeshtuka. Hivyo ndivyo ninavyopenda mimi.

Ila nisiwafiche mfano unaonipinga. Manchester, Gordon Burns alipostaafu Septemba 2011, kiti alipewa Roger Johnson, na huyo alitoka kusini mwa nchi. Mgeni kabisa, na mambo yakaenda. Nimelifikiria sana hili. Nadhani siri ni kwamba na huko kusini alikuwa akisoma habari za kanda. Alikuwa ameshazoea kwamba barabara iliyofungwa kijijini inaweza kuwa habari ya kwanza. Kwa hiyo sisemi lazima awe amezaliwa Kigoma. Akitoka Rukwa au Katavi, akawa amesota na habari za mikoani, nitamsikiliza.

Kwetu Tanzania safari kwa kawaida huwa ya kupanda: mkoani, Dar es Salaam, ukibahatika London au Bonn. Charles Hilary, Mungu amrehemu, alipita Redio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle, BBC, Azam, akaishia kuisemea Serikali ya Zanzibar. Julius Nyaisangah, Uncle J, ndiye aliyenifurahisha zaidi. Mtu ambaye nchi nzima ilimjua kwa sauti, tangu Redio Tanzania hadi Radio One, miaka yake ya mwisho alikuwa Morogoro, Abood Media. Kuna waliosema ameshuka. Mimi naona Morogoro ilipata bahati.

Sasa turudi hapa kwetu, kwa wanaotajwa kumpokea mama. Yupo jina kubwa la Dar es Salaam, ambalo nasikia wafanyabiashara wa matangazo wanalipigia debe. Akija, atakaa mwaka mmoja, simu italia, ataondoka. Yupo kijana mwenye wafuasi wengi mtandaoni. Simdharau, maana siku hizi nusu ya watazamaji wetu hawana habari na king'amuzi, wanatazama kwenye simu. Lakini wafuasi wale wamemfuata yeye, hawajafuata habari, na siku akisoma taarifa ya mafuriko kwa tabasamu lile la TikTok, tutajuta wote.

Yupo dada anayesoma Jumamosi na Jumapili. Wiki sita sasa nimemtazama kwa makusudi, nikiwa na daftari. Anameza maneno kidogo akifika kwenye tarakimu, hilo linarekebishika. Nilichokipenda ni siku promta, ile skrini inayomwonyesha msomaji maneno, ilipogoma. Hakubabaika, aliinamia karatasi, akasoma, akainua uso. Na alipofika kwenye ajali ya mtumbwi alitaja kijiji, kata, na mtumbwi ulikuwa ukitokea wapi kwenda wapi. Mtu mwenye ndugu safarini anahitaji hayo kabla ya mengine yote.

Na yupo mwandishi wa Kasulu. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo roho inaniuma. Huyu analipwa kwa habari, habari isipotoka, hali chakula. Ana pikipiki moja. Kambi ya Nyarugusu anaijua kona kwa kona, Kibondo na Kakonko anafika kabla ya polisi. Kiha anazungumza, Kiswahili chake ni safi. Kinachomkwamisha ni cheti. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilileta sharti la stashahada, na sasa kuna Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, huna kitambulisho chake huna kazi. Sipingi elimu, mimi mwenyewe nimefundisha. Ninachouliza ni kwa nini kituo kilichokula matunda ya mtu kwa miaka yote hiyo hakijamlipia ada ya chuo. Ada ile haifiki bei ya suti za jina kubwa la Dar es Salaam.

Kama ningeulizwa, na nimeshaambiwa sitaulizwa, ningempa dada wa Jumamosi kiti, ningempeleka wa Kasulu shule, na ningewaweka wote wawili karibu na mama miezi mitatu kabla hajaondoka. Wakae naye mezani. Wamsikie anavyompigia mwenyekiti wa kijiji: anaanza na shikamoo, anauliza mvua, anauliza mgonjwa, ndipo anauliza maiti ni wangapi.

Jambo jingine dogo. Vituo vyetu vina tabia mbaya ya kumpoteza mtangazaji kimyakimya. Leo yupo, kesho sura nyingine, hakuna maelezo. Bibi kijijini anauliza, "Yule binti amefariki?" Mwacheni mama asome taarifa yake ya mwisho, aage mwenyewe kwa kinywa chake, dakika mbili tu, na anayempokea awe ameketi pembeni, tumwone.

Na lile daftari lake la jalada jekundu, lenye namba za manahodha, wauguzi wa zahanati, watendaji wa vijiji tangu Kagunga hadi Kalya? Nilimuuliza juzi atamwachia nani. Akaniambia bado anatazama. Nilipomuuliza anamtazama nani, akanimiminia chai.

Nimemaliza. Mzee wangu wa Katonga ameinua mkono tangu nilipowataja waadhini. Mpelekeeni kipaza sauti. Karibu, mzee.