Kosa la Sikio na Kosa la Mkono

Asanteni, na karibuni mlio nyuma, viti vya mbele bado vipo. Mwenyekiti amenitambulisha kwa heshima nisiyostahili. Mimi ni mwandishi wa muziki, na miaka mingi nimeandikia kurasa za nyuma, zile zinazofungiwa maandazi kabla hazijasomwa. Nimeombwa nizungumzie uhakiki. Nadharia mtazisoma wenyewe; mimi nitawasimulia habari za jarida moja la Marekani, The Source, na maiki zake tano. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, kwa hiyo mtanivumilia nikitaja majina mengi.

Lilianza mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Harvard. Vijana wawili Wazungu, David Mays na Jon Shecter, waliipenda rap kupita kiasi. Mays alikuwa na kipindi kwenye redio ya chuo, na jarida lenyewe likaanza kama karatasi moja ya fotokopi ya kuwapelekea wasikilizaji. Baadaye wakahamia New York, wakaungana na watu kama James Bernard, aliyekuwa akisomea sheria hapohapo Harvard, na ile karatasi ikawa jarida ambalo rapa akitajwa ndani yake mtaa mzima unajua. Walikuwa na safu ya wasanii wasio na mkataba, na humo Notorious B.I.G., yule wanayemwita Biggie, alitajwa mwaka 1992, kabla dunia haijamjua. Kwa hiyo walikuwa na masikio. Lishikeni hilo, maana nitalirudia.

Safu ya uhakiki ilipima kila albamu kwa maiki. Moja hadi tano, na nusu zilikuwapo. Tano maana yake hii haitachuja: wajukuu zako wataisikiliza. Mwaka 1990 Ice Cube alipata tano, A Tribe Called Quest wakapata, Brand Nubian wakapata. Mwaka 1991 De La Soul, na Tribe tena kwa The Low End Theory. Halafu bomba likafungwa. Miaka inapita, hakuna tano. Mhariri wa muziki wakati huo alikuwa Reginald Dennis, na msimamo ulikuwa kwamba tano hazitolewi. Jamaa walikuwa bahili kuliko shangazi anayegawa nyama msibani.

Mwaka 1994 ikafika kaseti ya kijana wa Queensbridge, New York, umri miaka 20, jina Nas; albamu yenyewe Illmatic. Nyimbo kumi, na ya kwanza ni utangulizi tu. Ukiiweka sufuria ya maharage jikoni, albamu inaisha maharage bado magumu. Shecter akaipigania. Aliyepewa kuiandika ni Minya Oh, msichana mdogo, mgeni kazini, aliyesaini kwa jina la Shortie. Illmatic ikapata tano. Fikirieni ujasiri wake: msanii hana hata albamu moja nyuma yake, mhakiki hana jina, na kanuni ya ofisi inasema hapana. Lakini watu walikaa chumba kimoja, wakasikiliza, wakabishana, na wenye mamlaka wakakubali kuvunja kanuni yao kwa sababu ya walichokisikia. Miaka zaidi ya 30 baadaye hamna anayebisha.

Sasa ngoja niwaonyeshe upande wa pili. Dr. Dre alipotoa The Chronic, mwishoni mwa 1992, jarida hilohilo lilimpa nne na nusu. Wu-Tang Clan, 1993, nne na nusu. Ready to Die ya Biggie, nne na nusu. Hizi ni albamu zilizogeuza muziki wenyewe. Ukiwa na akili za leo utasema hawa watu walikuwa viziwi.

Hawakuwa viziwi. Uhakiki wa jarida la mwezi enzi zile uliandikwa albamu haijatoka. Unaletewa kaseti, pengine haina hata majina ya nyimbo, una siku chache, mtambo wa kuchapa haukusubiri. Hujaisikia kwenye gari la mtu, hujaisikia harusini, hujaona vijana wakiikariri mistari yake kituoni. Unahukumu chakula kwa harufu. Kukosea nusu maiki katika hali hiyo ni kosa la sikio, na msomaji analisamehe, tena analipenda, maana linampa la kubishania. Nimeona watu wakinuniana barazani kwa nusu maiki. Lile ndilo lililouza jarida.

Lakini kuna kosa la pili, nami naliita kosa la mkono. Sikio limesikia sawasawa, ila mkono umeandika kingine, kwa kuwa kuna mtu kaushika.

Mays alikuwa na rafiki Boston, rapa aitwaye Raymond Scott, wengi mnamjua kwa jina la Benzino. Alikuwa na kundi, Almighty RSO, na Mays alihusika na kuliendesha. Wahariri hawakuona sababu ya kuliandika. Basi mwaka 1994, mwaka uleule wa Illmatic, tazameni jinsi mambo yanavyokaa karibu, Mays akachomeka makala ya kurasa tatu kuhusu kundi hilo ndani ya toleo la Novemba bila wahariri kujua. Waliiona ikiwa imeshachapwa. Bernard, Shecter na Dennis wakaondoka, na wengine nao. Hebu jiwekeni mahali pao. Umekaa miaka unawanyima watu tano kwa ajili ya jina la nyumba, na mwenye nyumba kapitia dirishani.

Miaka mitatu baadaye Dennis na Bernard walishiriki kuanzisha jarida jingine, XXL, ambalo vipimo vyake vilifuata saizi za fulana: kutoka S hadi XXL. Kipimo kizuri kile, kina utani ndani yake. Ila mtaani hakikupata ladha ya maiki. Mtu hakusema "huyu ana XXL" kwa namna alivyosema "huyu ana tano".

Mwaka 1999 Benzino, sasa akiwa na kundi la Made Men, alitoa albamu iliyopewa na The Source maiki nne na nusu. Nne na nusu. Sawa na The Chronic siku ilipotoka. Nimeisikiliza albamu ile, nimeirudia, nikairudia tena kwa haki ya mtu ambaye huenda nilimkosea. Si mbaya. Kuna ngoma mbili tatu ungeziachia zipige. Lakini si nne na nusu, na kila aliyelisoma jarida lile alijua, na alijua pia kwa nini.

Hapa niwape langu, ili msidhani nawasema watu wa mbali tu. Niliwahi kuandika safu ya nyota katika gazeti moja ambalo silitaji. Kuna albamu niliipa nyota mbili. Niliieleza vizuri: midundo imekopwa, mistari inalegea baada ya ubeti wa kwanza, kiitikio kinapiga kelele kuficha. Asubuhi nikanunua gazeti kwa hela yangu pale Posta, nikafungua, nyota nne. Maneno ni yangu, yote, hayakuguswa hata nukta. Juu yake nyota nne. Yaani msomaji anasoma mtu anayelalamika kuanzia mwanzo hadi mwisho halafu anamaliza kwa shangwe. Nikaenda kuuliza. Nikaambiwa, "Kaka, yule jamaa ametulipia ukurasa mzima wa rangi, na wewe maneno yako tumekuachia." Nimecheka leo, siku ile sikucheka. Shemeji yangu, asiyesoma habari za muziki, alinipigia jioni: "Sasa imekuwaje, unamtukana mtu huku unamsifu?" Hapo ndipo nilipojua kwamba hata asiyejali huona.

Maana biashara yenyewe ndivyo ilivyo, kule na huku. Lebo inayoleta albamu ihakikiwe ndiyo inayonunua tangazo la ukurasa wa pili. Huwezi kuikwepa. Kilichoweza kufanyika ni kuweka ukuta: anayeuza matangazo asiingie chumba cha wanaosikiliza. Ukuta ule ndio uliokuwa na thamani, si ladha ya mtu. Ladha ya Dennis inaweza isiwe ladha yako. Lakini ulipomwona amenyima, uliamini amenyima mwenyewe. Na alipotoa, uliamini vilevile. Ndugu zangu, alama ya mtu asiyeweza kusema hapana ni mapambo tu. Chawa naye anatoa tano, kila siku, bure.

Ya miaka ya 2000 nitayapita haraka kwa kuwa yananichosha. Benzino, sasa akitajwa hadharani kuwa mmoja wa wamiliki, aligombana na Eminem, na jarida zima likaingizwa katika ugomvi wa mtu mmoja. Novemba 2003 wakaitisha waandishi wa habari kuwasikilizisha kanda ya zamani ya Eminem akiwadhalilisha wanawake weusi. Kanda ilikuwa kweli, naye akaomba radhi akisema aliirekodi akiwa kijana. Ilikuwa habari halali kabisa. Ila nani angeipokea kama habari kutoka kwa mtu anayeshindana na mtajwa sokoni? Wenye XXL, kwa upande wao, walikuwa wameshamweka Eminem kwenye jalada mapema mwaka huo, pamoja na Dr. Dre na 50 Cent. Wao nao si malaika. Walijua wateja wanahamia wapi.

Hapa nitakaa kidogo. Septemba 2005 rapa Lil' Kim alitoa albamu, The Naked Truth, siku chache baada ya kuingia gerezani kutumikia kifungo cha mwaka na siku moja kwa kusema uongo chini ya kiapo. The Source wakampa tano. Mwanamke wa kwanza kupata. Na watu wakacheka.

Kicheko kile kinanisumbua mpaka leo. Wapo waliocheka kwa kuwa ni mwanamke, na hao tuwaache na ujinga wao. Lakini wengi walicheka kwa sababu tano zenyewe zilikuwa zimeshapoteza uzito. Kim alistahili kubishaniwa kwa haki: albamu ile ina hasira na ina ucheshi. Mimi ningempa tatu na nusu, mwingine angempa nne, tungekesha. Badala yake alipewa zawadi iliyofanya hata sifa zake halali zisiaminike. Mnaona aliyeumia? Mwenye jarida alipata kelele za wiki moja. Aliyebandikwa noti ya bandia mfukoni ni msanii, na kila anapoitoa dukani anaangaliwa yeye.

Mapema mwaka 2006 Mays na Benzino waliondolewa. Oktoba mwaka huohuo jopo la mahakama New York lilimpa Kim Osorio, mwanamke wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa jarida lile, dola milioni 15.5. Jopo lilikataa dai lake la kunyanyaswa kijinsia, lakini likakubali kwamba alifukuzwa kwa kulipiza kisasi cha malalamiko yake, na kwamba alichafuliwa jina. Mwaka 2007 jarida likaingia katika kesi ya ufilisi. Likanunuliwa, likaendelea, na mwaka 2010 Bun B wa Texas akapata tano. Siku hiyo rafiki yangu mmoja, mkongwe wa kuchana, aliniuliza kwa mshangao wa kweli: "Kumbe bado wanatoa?"

Kuna swali nimeletewa hapa kwenye karatasi: je, si vizuri kwamba baadaye walizipandisha zile albamu walizozikosea? Ni kweli, walirudi nyuma wakazipa tano The Chronic, Wu-Tang, Ready to Die, hata Reasonable Doubt ya Jay-Z. Mimi sikufurahi. Nne na nusu ya 1993 ilikuwa ushahidi wa chumba kile, watu wale, kaseti ile. Ukiifuta unanyang'anya kosa la sikio heshima yake, tena unamzoesha msomaji kwamba alama hubadilika ofisini. Andika uhakiki mpya ukitaka, wa zamani uache ulipo.

Nimekuja na hili. Ni toleo la 1996, nililinunua kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba mjini, kurasa zimeshaanza kuwa rangi ya chai. Uhakiki wa Reasonable Doubt uko humu. Mlio mbele mnaona? Maiki zilizochapwa ni nne. Ya tano imechorwa na mtu kwa kalamu ya bluu, imepinda kidogo, na waya wake ameupeleka mpaka ukingoni mwa ukurasa. Nitalizungusha, mlitazame. Shikeni taratibu, gundi ya mgongoni imekwisha.