Kuchagua Bunduki ya Pentiboli ya Mashindano: Mhadhara Uliotolewa Kisumu

Mwenyekiti wa klabu yetu, wazazi mliokuja na watoto wenu, na nyinyi vijana mliotoka Kakamega, Kericho na Nakuru, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa bunduki ya hali ya juu ya pentiboli, mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi, ile ambayo mchezaji huingia nayo uwanjani siku ya mashindano. Hili ni jambo la pesa nyingi. Bunduki mpya za daraja hili huanzia kama dola 1,000 za Marekani, nyingine zinakaribia 2,000, na hapo hujalipia usafiri wala ushuru. Kwa hiyo nitasema msimamo wangu mapema. Kwa mchezaji wa huku kwetu magharibi, bunduki bora ni ile unayoweza kuifungua mwenyewe, kuisafisha mwenyewe, na kuipatia kila wikendi hewa ya presha inayorusha vidonge.

Tuanze na shabaha, maana hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Kidonge cha rangi ni tufe la jelatini lenye kipenyo cha inchi 0.68, yaani kama milimita 17, na ndani mna rangi ya majimaji. Mtutu haukizungushi kama unavyozungusha risasi ya kweli. Kikishatoka, kinachoamua kitaenda wapi ni mambo matatu: kidonge chenyewe kina umbo zuri kiasi gani, kinaenea vipi ndani ya mtutu, na kimetoka kwa kasi ileile ya mwenzake aliyetangulia. Chukua bunduki ya dola 400 na ya dola 1,800, zifunge mtutu wa aina moja, zitie vidonge vya boksi moja, ziseti kwa kasi moja. Vidonge vitaanguka karibu mahali pamoja. Anayekuahidi kwamba bei peke yake itanyoosha shabaha yako, usimpe pesa.

Unacholipia hasa ni uthabiti. Viwanja vingi huweka kikomo cha futi 300 kwa sekunde. Weka bunduki mbele ya kipima kasi, fyatua mara kumi. Ukisoma 288, 291, 289, 290, regyuleta yake, kile kifaa kinachodhibiti presha ya hewa, ni nzima na unaweza kuitegemea. Ukisoma 270, 296, 281, 305, kidonge kimoja kitaanguka kabla ya kumfikia mpinzani na kingine kitakupeleka kwa refa. Unalipia pia uzito mdogo, triga laini, na yale macho mawili ya mwanga yanayochungulia chumba cha kidonge na kuizuia bolti, kile kipande kinachosukuma kidonge mtutuni, isije mbele kabla kidonge hakijakaa sawasawa. Idadi ya risasi kwa sekunde isikuzuzue. Ligi kubwa ya Marekani, NXL, inawabana wachezaji wake kwenye kama 10 kwa sekunde, na bunduki yoyote ya daraja hili inafika hapo bila jasho.

Na tukumbuke mchezo huu ulivyoanza. Tarehe 27 Juni 1981, huko Henniker, jimbo la New Hampshire, watu 12 waliingia msituni na bastola za Nelspot 007, zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda, Ritchie White, hakufyatua hata mara moja. Alikusanya bendera zote zilizokuwa zikitafutwa bila kuonekana. Mimi huwaambia wachezaji wapya habari hii kabla hawajaniuliza bei.

Sasa mezani. Bunduki za mashindano zinagawanyika mara mbili kwa jinsi vali, yaani mlango wa kuachia hewa, inavyofanya kazi. Kuna za spuli na kuna za popeti. Kampuni ya Planet Eclipse ya Manchester, Uingereza, inatengeneza zote: Geo ni spuli, LV na CS ni popeti. Bunduki za kampuni ya Dye kama M3 ni spuli. Kwenye popeti, nyundo ndogo hugonga vali, vali inafunguka kidogo sana, hewa inatoka. Inakula hewa kidogo, ila ina kishindo na teke dogo mkononi. Kwenye spuli hakuna nyundo. Bolti yenyewe inateleza na kuachia hewa. Ni tulivu, ni nyororo, haivunji ovyo vidonge laini, lakini inataka hewa zaidi na inataka mafuta mara kwa mara.

Tazameni hii ya spuli, naifungua. Nabonyeza hapa nyuma, bolti inatoka nzima mkononi, bila bisibisi. Pete hizi nyeusi ndizo oringi, zinazozuia hewa isivuje. Napitisha ukucha juu ya kila moja, polepole. Hii ya tatu kutoka mbele, sogezeni macho. Ina mkato mwembamba kama unywele. Mkato huo tu ndio unaotoa ule mlio wa nyoka mliousikia nilipofunga tangi la hewa, na ndio utakaomaliza hewa yako mchezo ukiwa katikati. Naitoa kwa kijiti cha plastiki, kamwe si kwa pini, kwa sababu pini itakwaruza chuma na oringi mpya nayo itakatika. Naweka nyingine, napaka grisi maalumu ya oringi kiasi cha kung'aa tu. Grisi nzito ya beringi msiitumie. Inaifanya bolti iwe nzito, na risasi ya kwanza baada ya kupumzika inatoka goigoi.

Ndiyo maana nasema: kabla hujauliza rangi na nakshi, muulize muuzaji kama oringi za bunduki hiyo ni za saizi za kawaida. Zikiwa za kawaida, nyingi utazipata kwenye maduka ya vipuri vya haidroliki mjini. Lakini oringi ya mdomo wa tangi, namba 015, agiza ile ngumu ya urethani na uweke akiba. Ile laini ya kawaida hupasuka upesi kwa presha ya pale.

Nimefika kwenye hewa, na hapa nitakaa. Gurudumu la gari dogo lina presha ya kama psi 30, yaani pauni 30 kwa kila inchi ya mraba. Kompresa ya fundi wa panchari pale Kondele ikijitahidi sana inafika 150. Tangi la mashindano linajazwa psi 4,500, sawa na baa 310 hivi, na lile la alumini psi 3,000. Kompresa za kufika huko ni za wapiga mbizi, za mitungi ya kupumulia ya zimamoto, au ile ambayo klabu itachanga ikanunua. Kama huna mahali pa uhakika pa kujaza, bunduki ya dola 1,500 itakaa kabatini. Angalieni pia tarehe iliyoandikwa kwenye tangi ya lini lilipimwa presha mara ya mwisho, na msitie mafuta kwenye nipeli ya kujazia hata tone moja. Mafuta yakikutana na hewa ya presha kubwa yanaweza kuwaka.

Kuna wanaoshawishika kutumia kaboni dioksidi kwa kuwa inapatikana kwa wajazaji wa mitungi ya soda na ya kuzimia moto. Kwa bunduki hizi, hapana. Gesi hiyo hukaa ndani ya mtungi ikiwa majimaji, na presha yake inafuata joto. Kwenye nyuzi 21 ni kama psi 850. Mchana wa Kisumu, nyuzi zikikaribia 31, inapita 1,000. Ukifyatua mfululizo mtungi unapoa, presha inashuka, na majimaji yakipenya ndani yanagandisha oringi na kuua solenoidi, ile vali ndogo ya umeme.

Kwa kuwa hewa ya kujazia ni haba huku, mimi kwa mashindano naegemea popeti. Tangi lilelile linakupa risasi nyingi zaidi. Klabu ikiwa na kompresa yake uwanjani, basi chukua spuli na ufurahie.

Vidonge navyo vina tabia ya nchi. Jelatini inanyonya unyevu. Hapa kando ya ziwa vinavimba na kulainika upesi kuliko Nakuru, ambako ni juu, kama mita 1,850, na kuna baridi. Kwa hiyo nunua mtutu wenye mirija ya ndani ya saizi mbalimbali. Asubuhi ya mchezo, toa mtutu, weka kidonge, uuinamishe. Kikidondoka, mrija ni mpana. Puliza kwa mdomo: kikikataa kutoka, ni mwembamba. Kinachokaa na kutoka kwa pumzi moja ndicho chako siku hiyo. Na boksi lisisahaulike kwenye buti ya gari juani.

Dada pale mbele anauliza kuhusu mtumba. Ndiyo, dada yangu, nunua, wengi wetu ndiko tulikoanzia. Njoo na tangi lililojaa. Ifunge, nyamaza, sikiliza mlio. Iache dakika kumi, kisha fyatua mbele ya kipima kasi, uone kama ya kwanza inafanana na zinazofuata. Ifungue bolti mwenyewe, na muuzaji akikataa isifunguliwe, mrudishie. Ila kinyago cha uso nunua kipya, kinachofuata ASTM F1776, kiwango cha usalama cha kinga za macho za pentiboli. Miwani ya fundi wa kuchomelea haitoshi. Futi 300 kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 320 kwa saa, na jicho halina kipuri.

La mwisho ni la mzee aliye nyuma, kuhusu kuagiza kutoka nje. Mzee wangu, Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inagusa hata bunduki za hewa. Kabla ya kutuma senti kwa muuzaji, waandikie Bodi ya Leseni za Silaha, eleza ni kifaa gani na cha mchezo gani, na ungoje jibu la maandishi. Nakala yake iambatanishe na stakabadhi za mzigo, nyingine baki nayo ndani ya begi la bunduki kila unaposafiri nayo.