Nia Zinazotoka Jumuiyani: Mhadhara juu ya Sala ya Waamini na Mahitaji ya Parokia

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, masista wapendwa, makatekista, wenyeviti na makatibu wa jumuiya, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), vijana, na ninyi wasomaji ambao kwa sehemu kubwa ndio niliowakusudia: nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie sala zinazotolewa kwa ajili ya mahitaji mbalimbali ya parokia. Sala hizo ni nyingi, kuanzia novena na rozari hadi Misa za kuwaombea marehemu na baraka za mbegu, kwa hiyo nitakaa hasa kwenye moja ambayo tunaishiriki kila Dominika na bado hatuipi uzito wake, yaani Sala ya Waamini, yale maombi yanayosomwa baada ya mahubiri na watu wote kuyaitikia. Ninachotaka kusema ni kwamba sala hii ni mali ya parokia nzima kwa haki ya ubatizo, na kwamba haitakuwa ya parokia nzima kweli mpaka nia zake, yaani mambo yanayoombewa, zitoke katika jumuiya zetu ndogo ndogo, kwa watu wanaojua ni nyumba ipi imefiwa na ni nyumba ipi haijapika tangu jana.

Sala hii ni ya zamani sana. Mtakatifu Yustino, aliyezaliwa Palestina na kufia dini Roma, aliandika karibu mwaka 155 utetezi wa imani kwa Kaisari, na humo akaeleza Wakristo wanafanya nini siku ya Jua, yaani Dominika, wanapokusanyika. Anasema kwamba baada ya masomo na mawaidha ya kiongozi wote husimama pamoja na kusali, na mahali pengine katika maandishi hayohayo anaeleza kwamba wanajiombea wenyewe, wanamwombea aliyebatizwa karibuni, na wanawaombea watu wengine wote popote walipo. Kisha ndipo mkate na divai huletwa. Kwa hiyo mpangilio tunaoufuata leo, wa Injili, mahubiri, maombi na matoleo, Wakristo wa Roma waliufuata karne nyingi kabla Injili haijafika katika vijiji vyetu.

Wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, katika karne hizo za mwanzo waliagwa kabla sala hii haijaanza, wakaondoka, na waliobaki walikuwa wabatizwa peke yao. Kuwaombea wengine mbele za Mungu ni kazi ya kikuhani, na mbatizwa ameshirikishwa ukuhani wa Kristo. Maelekezo ya Misale, kitabu cha sala za Misa, yanasema waziwazi kwamba katika sala hii taifa la Mungu linatekeleza wajibu wa ukuhani wake wa ubatizo. Wasomaji, naomba neno hili mlishike. Unapopanda kwenye mimbari na karatasi yako ya nia, umebeba kinywani wajibu wa watu wote waliosimama mbele yako, na wao wanapoitikia «Twakuomba utusikie» wanasali sala yao wenyewe. Hawampi msomaji heshima ya kumwitikia tu. Anayeitikia huku akitafuta sadaka mfukoni ameiacha kazi yake ya kikuhani ipite bila yeye.

Katika liturujia ya Kirumi, yaani utaratibu wetu wa ibada, sala hii ilififia kuanzia mwisho wa karne ya 5 na katika karne ya 6, ikabaki kwa ukamilifu siku moja tu kwa mwaka, yaani Ijumaa Kuu, katika yale maombi makuu kumi ambayo huanza kwa kuliombea Kanisa na kuishia kwa wote walio katika dhiki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio ulioagiza irudishwe. Hati yake juu ya Liturujia (Konstitusio) ya tarehe 4 Desemba 1963, katika namba 53, inataka irudishwe hasa siku za Dominika na sikukuu za amri, na watu washiriki, wakiliombea Kanisa, watawala, wenye kusumbuliwa na shida mbalimbali, na wokovu wa ulimwengu wote. Wazee wetu waliosali Misa kwa Kilatini katika ujana wao waliona jambo hili likirudi kwa macho yao, na ni vyema vijana wawaulize.

Utaratibu wa nia unajulikana kwa wasomaji wengi: kwanza mahitaji ya Kanisa, pili watawala na wokovu wa ulimwengu, tatu wale wanaoelemewa na taabu yoyote, nne jumuiya ya mahali. Katika kipaimara, ndoa au mazishi nia zinaweza kuelekea zaidi tukio lenyewe. Ninaona hekima kubwa katika mpangilio huu, kwa sababu mtu aliyeumia huanza na jeraha lake, na si vibaya, lakini Kanisa linampeleka kwanza nje, kwa watu asiowajua, ndipo limrudishe nyumbani kwake. Anapofika kwenye shida yake mwenyewe amekwisha kujikuta katikati ya wenye shida wa dunia nzima.

Hapo kwenye watawala tusipite haraka. Mtume Paulo anamwandikia Timotheo kwamba kabla ya mambo yote zifanyike dua, sala, maombezi na shukrani kwa ajili ya watu wote, kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Hakuweka sharti kwamba wawe wafalme wema. Tertuliano wa Kartago, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini aliyeandika karibu mwaka 197, wakati Wakristo walipokuwa wakiteswa, aliwakumbusha watawala wa Roma kwamba Wakristo humwombea Kaisari maisha marefu, dola yenye usalama na watu waadilifu. Wakati wa uchaguzi hasa, nia ya namna hii inahitaji uangalifu: tunamwombea kila mwenye mamlaka hekima na haki, bila kulifanya ombi kuwa kampeni na bila kulifanya kuwa shutuma, maana mtu wa chama kingine aliyesimama benchi la nyuma naye anapaswa kuweza kuitikia kwa moyo wote.

Nikifika kwenye shida tuliyo nayo wenyewe, naisema kwa upendo. Mara nyingi tunasoma nia zilizochapishwa kitabuni kwa ajili ya nchi nzima au kwa ajili ya mwaka wowote ule. Vitabu hivyo vinasaidia, navyo ni afadhali kuliko maneno yaliyotungwa mlangoni kengele ikilia. Lakini parokia inayoongozwa na kitabu peke yake inaweza kuomba mwaka mzima bila kuitaja hata mara moja njaa iliyoingia katika kigango kimoja cha parokia, mafuriko yaliyobomoa nyumba bondeni, au wanafunzi wanaoanza mtihani wa darasa la saba wiki hiyohiyo. Maelekezo ya Misale yanataka nia ziwe na kiasi, zitungwe kwa uhuru wenye busara na kwa maneno machache, na zieleze sala ya jumuiya nzima, na kitabu peke yake hakiwezi kutimiza hilo la mwisho.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna chombo cha kulitimiza. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa mwaka 1973 walichagua jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa njia ya kulijenga Kanisa katika nchi zetu, na mwaka 1976 wakakutana tena kulijadili hilo hasa. Katika jumuiya nyingi Injili hushirikishwa kwa hatua saba, na hatua ya saba ni sala ya hiari, ambapo kila mmoja anaomba kwa maneno yake. Sikilizeni maneno yanayosemwa pale. Mama anamwombea mjukuu anayelelewa bila wazazi. Kijana anaomba kazi. Mzee anaiombea mipaka ya shamba iliyoleta ugomvi kati ya ndugu. Maombi haya yakiisha pale sebuleni, parokia haijui kwamba yaliombwa. Ninapendekeza katibu wa kila jumuiya aandike nia moja au mbili kwenye daftari, azifikishe kwa katekista kabla ya Jumamosi, kisha kamati ya liturujia izisome zote, iyaunganishe yanayofanana, itunge nia nne au tano, na Baba Paroko azione kabla ya Misa. Yeye ndiye anayeifungua na kuifunga sala hii akiwa kwenye kiti chake, kwa hiyo asikutane na nia hizo kwa mara ya kwanza msomaji anapozitamka.

Katika kutunga, kuna makosa mawili ninayoyachukia kweli. La kwanza ni nia inayohubiri au kuwapiga watu mafumbo: «Tuwaombee wasiotoa zaka, watambue kwamba wanamwibia Mungu.» Hapo hakuna aliyeombewa. Watu wamesemwa mbele ya altare huku wamesimama, na hawana pa kujibu. La pili ni nia inayomwanika mtu. Binti aliyepata mimba akiwa shuleni, mume aliyeiacha nyumba, mgonjwa ambaye hajapenda ugonjwa wake ujulikane: hao wote wanahitaji kuombewa, na jumuiya inawajua, lakini kutaja jina au dalili za kumtambulisha mtu bila ridhaa yake ni kumwongezea mzigo. Yasemwe hivi: «Tuwaombee wagonjwa wa parokia yetu, hasa walio nyumbani bila mtu wa kuwauguza: Bwana awafariji, nasi atujalie kufika kwao.» Nia hiyo ni fupi, mgonjwa akiisikia hajifichi, na sisi tulioitikia tumejifunga kwa maneno yetu wenyewe kwenda kumtembelea.

Kuhusu wagonjwa niseme neno zaidi, kwa kuwa kiu ya sala za uponyaji ni kubwa parokiani, na ni kiu ya haki. Mtume Yakobo anaagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta; na Mpako wa Wagonjwa, tangu marekebisho ya Papa Paulo VI ya mwaka 1972, haungojwi mpaka mtu awe anakata roho. Wapo wanaokwenda mbali kutafuta maombi ilhali kwao nyumbani padre hajaitwa. Tena hati ya Vatikano ya tarehe 14 Septemba 2000 juu ya sala za kuomba uponyaji inaruhusu nia za kuwaombea wagonjwa afya ziingie katika Sala ya Waamini, nayo inaonya dhidi ya vurugu za hisia na maonyesho. Mgonjwa hahitaji tupige kelele.

Mvua nayo ina mahali pake. Misale ina sehemu ya Misa na sala kwa ajili ya mahitaji mbalimbali: wakati wa kupanda, baada ya mavuno, kwa ajili ya wakimbizi, kwa ajili ya wafungwa, kwa ajili ya amani, na kuomba mvua. Ile ya mvua inamwita Mungu ambaye ndani yake tunaishi, tunajimudu na kuwa na uhai wetu, inamwomba mvua ya kutosha, ili tukiwa tumesaidiwa vya kutosha kwa mambo ya sasa tuyatafute yale ya milele kwa tumaini zaidi. Napenda sana uaminifu wa sala hiyo. Haimfichi Mungu kwamba mahindi yananyauka, wala haimwambii mkulima kwamba kuyahangaikia mahindi ni udhaifu wa imani. Masika yakichelewa, makatibu wa vigango vya wakulima wamwombe Baba Paroko sala hiyo mapema, wasingoje mpaka shamba limekauka.

Juu ya nia za Misa, yaani watu au mambo ambayo Misa inaadhimishwa kwa ajili yake, nitagusa jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 534, inamwajibisha paroko kuadhimisha Misa kwa ajili ya watu wa parokia yake kila Dominika na kila sikukuu ya amri. Misa hiyo ni ya kwenu ninyi, wazima na wagonjwa, wenye bahasha na wasio nayo. Kanuni ya 945 nayo inawahimiza sana mapadre kuadhimisha Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata wasipopewa sadaka. Mjane asiye na kitu akitaka mumewe aombewe, mwenyekiti wa jumuiya amlete kwa padre bila kumhesabia aibu.

Mwaka wa 412 hivi, mjane mmoja tajiri aitwaye Proba, aliyeukimbia mji wa Roma ulipotekwa na kuvuka bahari kuja Afrika, alimwuliza Mtakatifu Augustino, askofu wa huko, aombe nini na kwa namna gani. Augustino akamjibu kwamba tuna uhuru wa kutumia maneno mengine, lakini tukisali ipasavyo hatusemi chochote kisichomo katika Baba Yetu. Kamati ya liturujia iitumie kanuni hiyo kama kipimo. Ombi la mvua limo katika mkate wa kila siku, ugomvi wa mipaka umo katika kusameheana, na vijana wanaovutwa na ulevi wamo katika kuokolewa na maovu. Nia ambayo haipati mahali katika Baba Yetu irudishwe kwa aliyeileta, kwa upole, azungumze na katekista.

Imebaki shukrani, ambayo Paulo aliitaja pamoja na dua na sisi tunaisahau. Mtoto aliyeombewa akitoka hospitali, ndugu waliogombania shamba wakipatana, jumuiya ije iseme, na jambo hilo litajwe Dominika inayofuata. Hata pale ombi lilipoishia kaburini, jumuiya isinyamaze: nia ya kumwombea mgonjwa igeuke nia ya kumwombea marehemu na wafiwa wake, maana waliomwombea akiwa kitandani ndio wanaopaswa kusema juu yake, «Raha ya milele umpe, ee Bwana.»

Baba Paroko amekubali tuanze na Dominika ijayo. Makatibu wa jumuiya mnaombwa mbaki ukumbini baada ya maswali, pamoja na wasomaji wa Misa ya kwanza, ili tutunge nia hizo kwa pamoja. Tutaanza na jumuiya za kigango kilicho mbali zaidi, kwa sababu wao ndio wenye safari ndefu ya kurudi.