Orodha ya Vyombo vya Ndani kwa Ajili ya Bima: Jibu kwa Wanaouliza Kutoka Lamu

Asalaam aleikum, watu wangu wa Mkomani, Langoni, Shela, na jirani zetu wa Malindi. Leo narudi kwenye swali lile lile. Kila nikiweka video, kuna mtu anauliza orodha ya vyombo vya bima inaandikwaje. Na kila nikijibu, mwingine anasema nimefika Uingereza nimeanza kuhesabu sahani za mama yangu. Basi niseme mapema: sionyeshi mali, wala sisemi watu wa nyumbani hawajui mambo yao. Malipo ya bima yanatoka mfukoni mwetu huku, na ninachotaka ni siku ya kudai fidia, fidia ipatikane.

Bima ni nini sitaeleza. Na kama kinachokuzuia ni riba, takaful, yaani bima ya Kiislamu isiyo na riba, ipo Kenya tangu 2011, na huko pia watataka orodha.

Bima ya vyombo unayokata hapa Uingereza inashika anwani uliyoandika. Haivuki bahari kulinda sebule ya Lamu. Nyumba ya Lamu inahitaji mkataba wa Kenya, na hapo ndipo karatasi zinapoanza kuudhi. Swali la kwanza nililipata gumu kuliko yote: vyombo ni vya nani? Wewe unalipa, mama ndiye anayekaa, friji kanunua kaka, na kasha la shaba lililo ukumbini ni la marehemu bibi, mirathi haijagawanywa. Ukiandika vyote kwa jina lako, siku ya hasara utaulizwa uhusiano wako na kila kitu. Mwambie wakala mapema, kwa maandishi, nani anakaa ndani na nani mwenye mali, halafu kwenye orodha weka safu ya jina la mwenyewe. Kasha la mirathi andika hivyo hivyo, "la warithi wa fulani". Hili watu wanaliruka kwa kuona haya kuwauliza wazee. Waulizeni, kwa adabu, kabla ya hasara.

La pili linawahusu zaidi sisi tulioko mbali. Mikataba mingi inasimamisha bima ya wizi nyumba ikikaa bila mtu kwa siku kadhaa mfululizo, mara nyingi 30. Nyumba ya likizo tunayoifunga miezi kumi, tunailipia mwaka mzima! Soma kifungu hicho, uombe kibadilishwe au umweke mtu alale humo. Na wizi wenyewe, mingi inataka dalili ya kuvunjwa. Kwa hiyo piga picha makomeo, kufuli na nondo za madirisha zikiwa nzima, ili uharibifu uonekane ukitokea.

Sasa kazi yenyewe. Chukua asubuhi moja, mwanga ukiwa mzuri. Rekodi video kwanza: simama mlangoni, zunguka chumba kwa kufuata ukuta wa kulia mpaka urudi pale pale, polepole, ukitamka jina la kitu, kilinunuliwa wapi, mwaka gani, bei gani. Fungua kabati na droo. Jikoni usipite haraka. Masufuria, sinia, majagi na blenda vikihesabiwa pamoja vinashangaza. Halafu ndio picha moja moja.

Kila kifaa cha umeme kina kibandiko chenye namba ya kifaa. Kwenye friji mara nyingi kiko ndani, ubavuni karibu na droo za mboga. Kwenye televisheni kiko mgongoni, na namba hiyo hiyo huwa ipo pia kwenye mipangilio. Simu, bonyeza *#06#. Hewa yetu ya chumvi inakula vibandiko hivi, hasa vya feni na pampu, kwa hiyo futa kwa kitambaa kikavu na upige picha leo, kabla maandishi hayajapotea. Risiti vilevile: karatasi ile laini ya mashine inafifia kwa joto mpaka inabaki nyeupe. Ipige picha siku ya kununua. Kama imeshapotea, chapisha taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule, weka alama kwenye malipo.

Dhahabu inataka uangalifu wake. Picha ya mkufu shingoni mwa bi harusi inaonyesha mkufu, haionyeshi uzito. Nenda kwa sonara, mkufu upimwe mbele yako, akuandikie gramu, karati, tarehe na sahihi. Tazama muhuri mdogo kwenye kifungo: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Piga picha ya muhuri kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Bei ya dhahabu haitulii, kwa hiyo makadirio ya miaka mitano nyuma yatakupunja. Na uulize kikomo cha kitu kimoja. Mikataba mingi inaweka asilimia ndogo ya jumla kwa kila kitu kisichotajwa kwa jina. Kitu cha thamani kitaje kwa jina.

Nyumba zetu za mawe zina jambo lake. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na mlango wa nakshi uliojengewa ukutani ni sehemu ya jengo. Sahani zilizomo zidakani ni vyombo vya ndani. Usivichanganye. Sahani za zamani zipige picha kwa pamoja zikiwa mahali pake, halafu pindua kila moja, upige picha alama ya chini na nyufa zote. Ufa usiufiche, maana mkaguzi wa hasara akiukuta mwenyewe atatilia shaka orodha nzima. Kama juu kuna makuti, sema wazi kwenye fomu na weka picha. Ukinyamaza, moto ukiingia, kunyamaza kwako ndiko watakakokushika nako. Kutu, unyevu na mchwa kwa kawaida havilipwi, na friji iliyoungua kwa umeme kupanda hailipwi mpaka kifungu hicho kiongezwe.

Jumla ndipo tunapoumia zaidi. Watu hupunguza thamani ili walipe kidogo. Vyombo vya milioni 1 ukiviandikia laki 5, vikaungua vya laki 2, utalipwa laki 1, kwa sababu uliweka bima nusu tu, na bado watakata kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Uliza pia kama wanalipa bei ya kitu kipya au wanatoa uchakavu. Televisheni ya miaka sita, tofauti yake ni kubwa.

Haya ni kwa hali yangu na mkataba nilionao. Wako unaweza kusema vingine, usome. Ukidhulumiwa, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko, na wizi usisahau namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Simu yenye picha inaungua pamoja na nyumba. Ziweke kwenye barua pepe na kwenye hifadhi ya mtandaoni, na nakala ya karatasi kwa jamaa aliye Mombasa. Ukizituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Zikienda kama picha hubanwa, namba ndogo hazisomeki na tarehe ya kupigwa hupotea. Na mama akiletewa friji mpya, kijana aliyeibeba kutoka gatini asiondoke kabla namba ya ndani haijapigwa picha na kutumwa.